Tuijue Seli kwa Kuitazama Damu



Wanafunzi wa sekondari wanaorudi vijijini wakati wa likizo wana desturi ya kupita zahanati na madaftari yao. Wengi huja na jambo moja. Mwalimu amechora duara ubaoni, ndani yake akachora duara dogo, akaandika majina kadhaa pembeni, akasema hiyo ndiyo seli. Wameyakariri majina yote. Lakini ukimwuliza mmoja wao seli hiyo iko wapi katika mwili wake, hukutazama kama mtu aliyeulizwa habari za mwezini. Wazee wetu wa madarasa ya elimu ya watu wazima nao hulisikia neno hilo redioni, wakaliacha lipite.

Katika somo hili tutaliacha duara la ubaoni kwa muda. Tutachukua seli moja ya kweli, ile inayoifanya damu iwe nyekundu, tuitazame mpaka tuielewe. Nimeichagua kwa sababu mbili. Kwanza, ndiyo seli ambayo malaria huingia na kuiharibu. Pili, uko ugonjwa mmoja wa seli hiyo ambao umevunja ndoa nyingi kwa lawama zisizo na msingi, na mwanafunzi wa kidato cha pili anayeijua seli anaweza kuzizima lawama hizo kwa punje chache za mahindi na maharage. Tutafika huko.

VYUMBA VIDOGO

Mwaka 1665 Mwingereza mmoja, Robert Hooke, alikata kipande chembamba sana cha gamba la mti linalotengenezewa vizibo vya chupa, akakitazama kwa hadubini. Aliona vijumba vitupu vilivyopangana kama masega ya nyuki. Akaviita vyumba vidogo, na kutokana na neno lake la Kiingereza ndipo sisi tumepata neno seli. Vilikuwa vitupu kwa kuwa gamba lile lilikwisha kufa. Miaka michache baadaye Mholanzi Antonie van Leeuwenhoek, mfanyabiashara wa vitambaa aliyejitengenezea lenzi zake mwenyewe, aliona viumbe vidogo vilivyo hai vikiogelea katika tone la maji. Ilichukua muda mrefu watu kuunganisha mambo hayo. Mwaka 1838 na 1839 Wajerumani wawili, Schleiden na Schwann, ndio waliosema wazi kwamba mimea yote na wanyama wote wamejengwa kwa seli. Mwaka 1855 mwenzao Virchow akaeneza neno la tatu: kila seli hutoka katika seli nyingine iliyotangulia. Haizuki tu.

Anayeweza kufika kwenye kituo cha afya au shule yenye hadubini na aombe kuonyeshwa seli za kitunguu. Bandua ule utando mwembamba ulio kati ya gamba na gamba la kitunguu kibichi, uutandaze juu ya kioo, udondoshee tone la maji yenye iodini. Utaona vyumba virefu vimepangana kama matofali, na ndani ya kila chumba kidoa cha rangi ya kahawia. Kidoa hicho ni kiini.

Sasa majina, kwa ufupi, maana mmekwisha kuyakariri. Utando wa seli ni ngozi nyembamba inayoizunguka seli na kuchagua kitu gani kiingie na kipi kitoke. Ndani yake mna ute uitwao sitoplazimu, ambamo kazi nyingi za seli hufanyika. Kiini ndicho kinachotunza maagizo ya urithi. Mitokondria ni vijiko vidogo ambamo chakula huunguzwa polepole kwa oksijeni ili seli ipate nguvu. Seli ya mmea ina nyongeza: ukuta mgumu nje ya utando, na katika majani mna chembe za kijani zinazotumia mwanga wa jua kutengeneza chakula. Sisi hatuna ukuta huo, ndiyo sababu mkono hukunjika na mti hauwezi kuchuchumaa.

SELI ILIYOTUPA KIINI CHAKE

Sasa tuiangalie damu. Ukijichoma kidole kwa sindano, tone dogo lenye ujazo wa milimita moja ya mchemraba, yaani dogo kama kichwa cha pini, lina chembe nyekundu zipatazo milioni 5. Wanawake wana pungufu kidogo kuliko wanaume. Kila chembe ina upana wa sehemu 7 au 8 za elfu moja ya milimita. Ukizipanga mstari, zaidi ya mia moja zitaenea katika milimita moja ya rula yako.

Umbo lake ni kama andazi la duara ulilolibonyeza katikati kwa vidole, juu na chini. Umbo hilo lina faida. Hewa inayoingia na kutoka haina mbali pa kwenda, na chembe yenyewe inaweza kujikunja. Nayo hujikunja kweli, kwa kuwa mishipa midogo kabisa ya mwili ni myembamba kiasi kwamba mahali pengine chembe nyekundu hupita moja moja kwa kujibana. Mtu akiwa amepumzika, chembe moja huzunguka mwili mzima kwa muda kama wa dakika moja, kutoka moyoni, mapafuni, miguuni, na kurudi.

Lakini ukiitafuta katika chembe hii ile picha ya ubaoni utashangaa. Kiini hakuna. Mitokondria hakuna. Hapa ndipo wanafunzi huuliza: je, hiyo ni seli kweli?

Ni seli. Ilizaliwa katika uboho, ule ute laini ulio ndani ya mifupa, na ilipokuwa changa ilikuwa na kiini kama nyingine zote. Kabla ya kutoka kwenda kwenye damu ilikisukuma kiini nje, baadaye ikaondoa na mitokondria. Tunaweza kuifananisha na mwenye basi anayeng'oa viti vyote ili apakie magunia ya pamba. Nafasi yote iliyobaki imejazwa protini iitwayo hemoglobini, kiasi cha molekuli milioni 270 katika chembe moja. Kila molekuli ya hemoglobini ina atomi 4 za madini ya chuma, na kila atomi hushika oksijeni mapafuni na kuiachia mahali penye haja. Chuma hicho ndicho tunachokila katika maini, dagaa, maharage na mchicha, na ndicho minyoo ya safura inachotunyang'anya inapofyonza damu tumboni.

Kutupa kiini kuna gharama yake. Chembe isiyo na kiini haina maagizo, kwa hiyo haiwezi kujitengenezea protini mpya wala kujigawa kuwa mbili. Ikichakaa imechakaa. Baada ya siku zipatazo 120 inakuwa ngumu, na seli nyeupe za bandama na ini huimeza. Chuma chake huokolewa na kupelekwa kwenye uboho kutumika tena. Mabaki mengine hugeuka kitu cha rangi ya manjano, huingia katika nyongo na kutolewa kwa njia ya choo. Ili kufidia chembe zinazokufa, uboho wa mtu mzima hutengeneza chembe mpya zipatazo milioni 2 kila sekunde. Tangu uanze kusoma aya hii umekwisha kupata mamilioni mengi.

Kumbukeni mambo hayo mawili: siku 120, na kukosa kiini. Tutayahitaji.

UTANDO NA MAJI YA CHUMVI

Kabla hatujaendelea, jaribu jambo hili nyumbani. Kata vipande viwili vya kiazi mviringo, vyembamba na vilivyo sawa. Kimoja kitie katika bakuli la maji matupu, kingine katika bakuli la maji uliyokoroga vijiko viwili vitatu vya chumvi. Ngoja saa moja. Kile cha maji matupu kitakuwa kigumu, ukikikunja kinavunjika. Kile cha chumvi kimelegea kama ngozi iliyoloweshwa. Maji yamepita katika tando za seli kufuata upande wenye chumvi nyingi.

Chembe nyekundu hufanya vivyo hivyo, ila yenyewe haina ukuta wa kuilinda. Ukiitia katika maji matupu, maji huingia ndani, inavimba mpaka inapasuka. Ukiitia katika maji yenye chumvi kali, inanyauka na kujikunja kama zabibu kavu. Ndiyo maana maji ya chumvi tunayomtundikia mgonjwa kwenye mshipa yana kipimo maalumu, gramu 9 za chumvi katika lita moja, na hutengenezwa katika usafi mkubwa. Yako maneno vijijini kwamba mtu akiishiwa nguvu yaweza kutumika maji yoyote safi katika mpira. Ni hatari ya mauti. Maji ya kunywa ni jambo jingine, maana huingia damuni kidogo kidogo kupitia utumbo, na figo huyasawazisha.

MGENI ASIYEPIGA HODI

Kimelea cha malaria nacho ni seli. Ni seli moja tu, yenye kiini chake, utando wake na mitokondria yake. Mfaransa Alphonse Laveran alikiona kwa mara ya kwanza mwaka 1880 huko Algeria, ndani ya damu ya askari mgonjwa. Mwaka 1897 Ronald Ross, akiwa India, alikiona katika tumbo la mbu.

Mbu jike wa anofelesi anapouma huacha vimelea pamoja na mate yake. Hukimbilia kwenye ini na kukaa humo kama wiki moja wakiongezeka, na mtu hasikii lolote. Kisha hutoka na kuingia katika chembe nyekundu. Kwa nini huko? Sababu mojawapo ni ile tuliyoisoma. Seli zetu nyingine zikiingiliwa, huchukua vipande vya adui na kuviweka juu ya utando wao, na seli nyeupe zikipita huviona na kuishambulia seli hiyo. Kufanya hivyo kunahitaji mitambo ambayo chembe nyekundu iliiacha kwenye uboho. Haiwezi kupiga yowe. Mgeni amejificha katika nyumba isiyo na mwenyewe, iliyojaa chakula.

Humo hula hemoglobini. Kimelea cha aina ya falsiparamu, ambacho ndicho kikali zaidi na ndicho kinachowapata watu wengi wa nchi zetu, hukaa katika chembe kwa muda wa saa 48. Kimoja hugeuka kuwa kumi na sita au zaidi, chembe inapasuka, na kila kimoja hutafuta chembe nyingine. Kupasuka kwa chembe nyingi pamoja ndiko kunakoleta homa na kutetemeka. Fanya hesabu mwenyewe: ukianza na kimoja, na kila siku mbili vikawa mara kumi tu, baada ya siku nane vimekuwa elfu kumi. Ndiyo sababu tunakataa maneno ya "tungoje kwanza tuone kesho" mtoto anapochemka. Isitoshe, chembe zilizoingiliwa na falsiparamu hunata kwenye kuta za mishipa midogo. Zikinata katika mishipa ya ubongo mtoto hupata degedege na kupoteza fahamu. Hilo si pepo wala ndege wa usiku.

SHANGA YA SITA

Sasa tumefika penye jambo lenyewe. Wauguzi na waganga wa zahanati nyingi wanamjua mgonjwa huyu: mtoto wa mwaka mmoja hivi, mikono na miguu imevimba kama mkate, analia akiguswa, macho yana rangi ya manjano. Mama amenyamaza. Bibi mzaa baba ndiye anayesema. "Mganga, mjukuu wangu huyu alizaliwa mnene na mzuri, hata miezi sita hana kikohozi. Huku kwetu ugonjwa huu haupo. Mwulize mama yake umetoka wapi."

Bibi huyo amesema maneno matatu, na ajabu ni kwamba mawili ya kwanza yana ukweli. Tuyachukue moja moja.

Hemoglobini ni protini, na protini ni mkufu wa vitu vidogo viitwavyo asidi amino, vilivyotungwa kama shanga. Mikufu inayounda hemoglobini ya mtu mzima ni ya aina mbili, na mmoja una shanga 146. Mpangilio wa shanga hizo umeandikwa katika jeni, yaani agizo la urithi lililo ndani ya kiini. Kwa watu wenye ugonjwa huu, shanga ya sita ya mkufu huo ni nyingine: mahali pa asidi ya glutamiki pamekaa valini. Shanga 145 ziko sawasawa. Moja tu ndiyo iliyobadilika. Jambo hili liligunduliwa na Vernon Ingram, huko Cambridge, Uingereza, mwaka 1956.

Mabadiliko hayo hufanya hemoglobini, ikishaachia oksijeni yake, inate na wenzake na kuwa nyuzi ndefu ngumu. Nyuzi hizo huivuta chembe mpaka ile andazi ya duara inakuwa na umbo la mundu wa kukatia mpunga. Ndiyo maana tunauita ugonjwa wa selimundu. Daktari James Herrick wa Chicago aliandika mwaka 1910 juu ya chembe za umbo hilo alizoziona katika damu ya kijana aliyetoka kisiwa cha Grenada. Haina maana kwamba ugonjwa ulianza hapo. Watu wa Afrika walikuwa wakiuguza watoto wao kabla hadubini haijatengenezwa.

Chembe yenye umbo la mundu haijikunji. Inaziba mishipa midogo, na mahali pasipofikiwa na damu panauma sana, hasa mifupani. Haiishi siku 120, bali siku 10 hadi 20 hivi, na uboho hauwezi kuifuata kasi hiyo. Basi damu inapungua. Na kwa kuwa chembe nyingi zinakufa kila siku, ile rangi ya manjano tuliyoitaja huzidi na kuonekana machoni.

Sasa neno la kwanza la bibi: mtoto alizaliwa mzima. Ni kweli. Mtoto akiwa tumboni hutumia hemoglobini ya namna nyingine, ambayo haina mkufu wenye shanga hiyo. Anazaliwa nayo, nayo inamlinda. Kidogo kidogo, katika miezi sita ya kwanza hivi, uboho huiacha na kuanza kutengeneza ile ya ukubwani. Hapo ndipo ugonjwa hujitokeza. Mtoto alikuwa nao tangu siku ya kutungwa mimba, ila ulikuwa haujapata nafasi. Hakuna jicho baya lililomtazama kwenye sherehe wala chakula alicholishwa na jirani.

PUNJE NA VIKOMBE

Neno la pili: huku kwetu haupo. Hili nalo laweza kuwa kweli, na ndipo penye mtego. Kila mtu ana jeni hii mara mbili, moja kutoka katika yai la mama, moja kutoka katika mbegu ya baba. Mwenye jeni moja nzuri na moja ya selimundu huwa mzima kabisa. Analima, anazaa, anazeeka. Tunamwita mbebaji. Ukoo mzima unaweza kuwa na wabebaji miaka mingi bila mgonjwa hata mmoja, mpaka mbebaji wa ukoo huu aoane na mbebaji wa ukoo ule.

Basi chukueni vikombe viwili. Kimoja ni cha baba, kingine cha mama. Katika kila kikombe tieni punje moja ya mahindi na punje moja ya haragwe. Hindi ni jeni nzuri, haragwe ni ya selimundu. Wazazi wote wawili ni wabebaji, kama mnavyoona. Sasa fumba macho, toa punje moja katika kila kikombe. Punje hizo mbili ndizo mtoto. Andika ulichopata, rudisha punje mahali pake, tikisa, toa tena. Fanyeni mara arobaini.

Mtapata takriban mara kumi hindi na hindi, mara ishirini hindi na haragwe, na mara kumi haragwe na haragwe. Wa mwisho ndio wagonjwa. Haitakuwa kumi kamili, na hilo lenyewe ni somo. Tazameni pia kwamba haragwe la mtoto mgonjwa moja limetoka kikombe cha mama na moja kikombe cha baba. Hakuna njia nyingine. Mama peke yake hawezi kumpa mtoto ugonjwa huu. Kwa hiyo neno la tatu la bibi, "mwulize mama yake", halina jibu mpaka baba naye aulizwe.

Jambo la pili la kuzingatia ni kule kurudisha punje. Wako wazazi wanaosema, "Tumekwisha kupata mgonjwa mmoja, watatu wanaofuata watakuwa wazima." Si hivyo. Kikombe hakikumbuki. Kila mimba inaanza upya na hatari ileile ya moja katika nne. Wengine wamepata wagonjwa wawili mfululizo, wengine wamezaa watoto sita wazima.

Badilisheni sasa kikombe kimoja, kitieni mahindi mawili. Toeni mara mnazotaka. Hamtapata haragwe mbili hata mkeshe. Ndiyo sababu tunawaomba vijana wapime damu kabla ya kuoana. Kipimo kile cha zamani cha kuangalia kama chembe zinajikunja huonyesha kuwa haragwe lipo, lakini hakitofautishi mbebaji na mgonjwa. Kwa hilo damu hupelekwa hospitali ambako hemoglobini hutenganishwa kwa umeme, au hutumika kipimo cha haraka cha tone la damu ambacho siku hizi kimeanza kufika sehemu nyingi. Ulizeni mahali penu.

Mtu aweza kuuliza: jeni mbaya namna hii imebakije kwa karne nyingi? Jibu lilipatikana hapa kwetu Afrika Mashariki. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alipima damu za watu wa sehemu mbalimbali tangu mwaka 1949. Akaona kwamba wabebaji ni wengi pwani na kando ya Ziwa Victoria, kwenye malaria nyingi, na ni wachache sana nyanda za juu zenye baridi. Mwaka 1954 alichapisha maelezo yake: mbebaji huugua malaria kali kwa nadra kuliko mwenzake asiye mbebaji. Kimelea hakistawi vizuri katika chembe zake. Watoto wabebaji waliokoka malaria, wakakua, wakazaa. Jeni ikabaki. Lakini mbebaji asitupe chandarua kwa sababu hiyo, maana anaumwa malaria kama wengine ingawa mara nyingi si kali. Naye mwenye haragwe mbili hana ulinzi wowote. Malaria humwua upesi kuliko mtu mwingine, kwa kuwa damu yake ni kidogo tangu mwanzo.

MTOTO AKISHAJULIKANA

Zamani wengi wa watoto hawa hawakufika umri wa kwenda shule. Leo wanasoma, wanafanya kazi na wanapata watoto wao, iwapo nyumbani na kliniki wanashirikiana. Mtoto asajiliwe kliniki. Atapewa foliki asidi, kwa kuwa uboho wake unafanya kazi mara nyingi zaidi, na penisilini tangu uchanga mpaka angalau atimize miaka mitano, maana bandama yake huharibika mapema na vijidudu vya homa ya mapafu humshambulia upesi. Apate chanjo zote. Anywe maji mengi, asilowe mvua, asilale bila chandarua. Iko pia dawa ya kila siku iitwayo hidroksiurea, inayouamsha uboho utengeneze tena ile hemoglobini ya tumboni. Inapunguza maumivu sana, ila lazima itolewe na daktari na damu iangaliwe mara kwa mara.

Dawa za chuma za "kuongeza damu" zinazouzwa madukani msimpe bila kupimwa. Chuma cha chembe zinazokufa, kama tulivyoona, huokolewa na kurudi kutumika. Kwa kawaida siyo chuma kilichopungua kwake.

Mama afundishwe kupapasa bandama chini ya mbavu za kushoto. Ikivimba ghafla na viganja vya mtoto vikawa vyeupe, damu imejikusanya humo, na huo ni msiba wa saa chache. Afikishwe hospitali siku hiyohiyo, usiku kama ni usiku. Vivyo hivyo akiwa na homa, akipumua kwa shida, au akilegea mkono au mguu wa upande mmoja.

MASWALI YA KIKUNDI

Chembe nyekundu iliyokomaa haina kiini. Je, jeni ya selimundu iko wapi basi, na inasomwa lini? (Fikirini habari ya uboho.)

Mtu mwenye ugonjwa wa selimundu ameoa mwanamke ambaye kikombe chake kina mahindi mawili. Tumieni punje kuonyesha watoto wao watakuwaje. Je, kuna hata mmoja atakayekuwa mgonjwa? Je, kuna hata mmoja asiyekuwa mbebaji?

Mgonjwa aliongezewa damu ya mtu mzima. Kwa nini nafuu anayoipata haidumu zaidi ya miezi michache? Jibu limo katika moja ya tarakimu mlizoambiwa mzikumbuke.

Mzee mmoja darasani anasema ukoo wao umekuwa mzima tangu enzi za babu, kwa hiyo mwanawe hana haja ya kupima damu kabla ya harusi mwezi ujao. Mjibuni kwa adabu, na vikombe viwe mezani.